Shangazi Alisema Haiwashi

Jumatatu, 2 Julai

Madamu amenipa daftari jipya la jalada jekundu, na kalamu pia, ili nisiwe na kisingizio. Mgao wa maji umeanza tena. Maji yatatoka Jumanne na Ijumaa tu mpaka mvua zirudi, na pipa letu la nyuma ya saluni haliwezi kuosha vichwa ishirini kwa siku. Kwa hiyo amenunua shampuu kavu za aina tano, zile za kupuliza au kunyunyiza kichwani bila maji kisha unachana, na mimi nimeteuliwa kuzijaribu, kuzilinganisha na kuandika ipi inafaa kununuliwa kwa wingi. Amesema ameniteua kwa sababu nina mwandiko mzuri. Ndiyo maana hata wateja wananiita Karani. Msusi mwenzangu, ambaye tunamwita Redio na sina haja ya kueleza kwa nini, aliguna.

Majaribio nitayaandika kuanzia mbele. Haya mengine nayaandika kuanzia nyuma, daftari likiwa limegeuzwa, maana mtu akishapewa kalamu haachi kuitumia. Naandika mteja akiwa kwenye draya. Draya ni dakika arobaini, na kwa dakika arobaini hakuna anayenihitaji.

Shida ilikuwa kichwa cha kujaribia. Wateja wanakuja na kuondoka, na Madamu anataka kichwa kimoja kitakachokaa bila maji mpaka mwisho, ajue shampuu hizi zinaweza kumfikisha mtu wapi. Redio alisema kichwa chake kina thamani. Shangazi akafuta mikono kwa taulo.

"Chukueni changu," akasema. "Mwenye daftari ni mtoto wangu. Nani mwingine atamwazima kichwa?"

Shangazi ni dada yake baba. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, na ndiye aliyenileta hapa nikafundishwa kusuka. Kazi yake ni sinki. Ameosha vichwa hapa miaka kumi na moja. Mteja akishalaza shingo kwenye sinki, Shangazi anamuuliza, "Panawasha wapi?" na popote atakapoambiwa anapakuna palepale, wala hakosei hata upana wa kidole. Kuna watu nywele zao safi kabisa na bado wanakuja.

Jumatano, 4 Julai

Kopo la kijani. Nilipuliza kwa umbali wa shubiri moja kama maelezo yanavyotaka, nikasubiri dakika mbili, nikachana. Harufu ni ya limau lililosahauliwa kabatini. Mafuta yamepungua kweli. Nilimuuliza Shangazi kama inawasha. Akasema haiwashi. Nikaandika kule mbele: *Haiwashi.*

Alitaka kujua kitu chenyewe kinaitwaje. Nilipomwambia ni shampuu kavu, alicheka mpaka mteja akatoa kichwa kwenye draya kuuliza kuna nini.

"Mimi nilikuwa najua macho makavu," akasema. "Kumbe siku hizi hata shampuu haina haya."

Alhamisi, 5 Julai

Wateja wanne. Pipa limebaki nusu.

Jumatatu, 9 Julai

Kopo la waridi. Hili ni la kupiga chafya. Redio alipiga saba mfululizo akazihesabu kwa sauti. Linaacha weupe kama mtu aliyetoka kuchekecha unga. Kwenye nywele nyeusi za mteja wa asubuhi weupe ulionekana toka mlangoni, ikabidi nimfute kwa taulo lenye maji, na kama unafuta kwa maji basi shampuu kavu ya nini?

Kwa Shangazi hakukuonekana kitu. Kichwa chake kimejaa mvi. Niligundua pale pale kwamba kwa jambo la weupe nimechagua kichwa kibaya, kwa sababu kitaficha kosa la kila kopo. Nikajiambia nitaliandika kesho. Shangazi amesema haiwashi.

Jumamosi, 14 Julai

Saa ya chakula Madamu aliniita stoo, kwenye kile chumba cha rola na pakiti za rasta, akafunga mlango. Nilidhani kuna kopo limepotea.

Aliniuliza majaribio yanaendeleaje, nikamwambia vizuri. Kisha akanieleza sababu yenyewe. Ikipatikana shampuu moja inayofaa, anang'oa sinki. Pale atatia viti viwili vya kusukia, kwa kuwa kiti kinaingiza na sinki haliingizi. Nikamuuliza, na Shangazi? Akasema Shangazi ameshachoka, naye apumzike. Mimi namjua Shangazi tangu utoto na sijawahi kumwona amechoka. Nilitaka kusema hivyo. Kabla sijafungua mdomo, Madamu akasema saluni ikiwa na viti vingi itahitaji msimamizi, mtu wa kushika funguo, kufungua asubuhi na kupanga wateja, na kwamba anayemfikiria ni mimi.

"Usimwambie bado," akasema. "Utamtia presha bure."

Nikasema, "Sawa, Madamu."

Hiyo sawa ndiyo inayonisumbua. Ilitoka haraka. Nimekaa hapa natafuta mahali nilipositasita, hata kidogo, na sipaoni. Najiambia kwamba pengine hakuna shampuu itakayofaa. Najiambia kwamba mimi kazi yangu ni kuandika tu. Najiambia pia kwamba Shangazi mwenyewe angetaka nipande, na hili ndilo baya kuliko yote kwa sababu ni kweli.

Nilipotoka, nilikuta amenifunikia nusu ya chakula chake kwa sahani. Aliniuliza Madamu alikuwa anataka nini. Nikamwambia alikuwa anauliza habari za makopo.

"Anasemaje?"

"Anasema niendelee vizuri."

"Basi endelea vizuri, mwanangu," akasema, akanisogezea kijiko.

Jumatatu, 16 Julai

Nilikusudia kumwambia asubuhi. Alikuwa anaimba.

Jumanne, 17 Julai

Maji yalitoka. Aliosha vichwa kumi na tisa. Sikumwambia.

Ijumaa, 20 Julai

Maji hayakutoka, ingawa leo ilikuwa zamu yetu. Sikumwambia.

Jumatatu, 23 Julai

Shampuu ya tatu ni unga mtupu, uko ndani ya boksi refu lenye matundu juu, kama poda ya mtoto. Bei yake ni nafuu kuliko zote. Nilikuwa nimeliweka boksi ukingoni mwa meza, Redio akageuka na kiuno chake, likaenda chini likapasuka. Sakafu nzima ikawa nyeupe, na viatu vya wateja watatu.

"Jamani," akasema Redio, "nimemwaga unga."

Saluni ikaangua kicheko. Mteja mmoja akamwambia atafute kazi nyingine mapema. Shangazi ndiye aliyecheka kuliko wote. Alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Wa kwako huo," akamwambia Redio akiwa anafuta machozi. "Wangu mimi bado uko kwenye gunia."

Nilichukua ufagio nikainama. Nilifagia hata mahali ambapo unga haukufika. Nilikuwa nimeangalia chini na bado niliona viatu vyake vya mpira vikitikisika kwa kicheko. Kama kuna siku ningepaswa kumvuta pembeni ni leo, mzaha ulikuwa umeshafungua mlango. Nikafagia.

Uliobaki kwenye boksi nilimnyunyizia jioni kabla ya kufunga. Haiwashi.

Jumatatu, 30 Julai

Shangazi ameanza kujifunga kitambaa hata akiwa ndani. Anasema ni vumbi la kiangazi. Tena anajipuliza mwenyewe nyumbani, amebeba lile kopo la nne, la dhahabu, anasema mikono yangu niitumie kwa wateja.

Leo nilimwona anajipigapiga kofi juu ya kitambaa, utosini na kisogoni, akidhani niko kwenye kioo kingine. Msusi anajua mtu anayejipiga kichwa hivyo anatafuta nini. Kila anayesukwa rasta za kubana hufanya hivyo siku ya pili. Nilimuuliza, inawasha? Akasema haiwashi. Ningeweza kufungua kitambaa. Tulikuwa wawili tu na mteja alikuwa chini ya draya. Nilikaa nikaandika kule mbele kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumatatu, 6 Agosti

Ya mwisho ni povu. Linatoka kwenye chupa ya kubonyeza, unalipaka katikati ya misuko kwa ncha ya kidole kisha unafuta. Nimempaka nesi mmoja, mteja wetu wa rasta. Alifurahi. Hili kwa kweli ni zuri, halina weupe wala chafya.

Alhamisi, 9 Agosti

Nesi amepita njiani kuelekea kazini. Amesema siku ya kwanza na ya pili alikaa raha, ya tatu ngozi ikamwasha akaenda kuosha. Akasema vitu hivi ni vya kumvusha mtu siku mbili, kichwa kinataka maji.

Sikuliandika hilo kule mbele. Siku ya kwanza nilikuwa nimeshaiandika, na nafasi ilikuwa imejaa. Hiyo ya nafasi ni uongo. Mistari sita ilikuwa imebaki.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimempa Madamu taarifa. Nainakili hapa, nione macho yangu yatavumilia kiasi gani:

*Kopo la kijani: linapunguza mafuta, harufu si nzuri. Kopo la waridi: lina chafya na weupe, lisinunuliwe. Boksi la unga: nafuu, linafaa kwa wenye mvi. Kopo la dhahabu: zuri, lakini linaisha kwa vichwa vinne. Povu: bora kuliko zote, hasa kwa misuko. Kwa ujumla, kichwa kilichojaribiwa kimekaa wiki sita bila maji na hakikuwasha.*

Madamu aliisoma akiwa amesimama. Aliirudia ile sentensi ya mwisho, akaipigia mstari, akasema hakujua kama ninaandika namna hii. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumanne, 21 Agosti

Maji yalitoka. Vichwa ishirini na viwili. Alimwambia mteja wake mmoja kwamba mimi ndiye niliyeshughulikia mambo ya shampuu mpya, akanionyesha kwa kidole chenye povu.

Ijumaa, 31 Agosti

Madamu alingoja mpaka jioni, Shangazi alipokwisha kumwosha mteja wa mwisho. Kisha akatuita sote mbele ya kioo. Akasema kuanzia Jumatatu saluni haitaosha tena kwa maji. Fundi bomba atakuja asubuhi kung'oa sinki. Akamshukuru Shangazi kwa miaka kumi na moja. Akatumia neno kupumzika mara tatu, nilizihesabu.

Nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja, chanuo mkononi. Nilibaki hivyo hivyo.

Shangazi hakuuliza habari ya malipo wala ya notisi. Aliuliza jambo moja.

"Nimekosea wapi, Madamu?"

"Hujakosea popote," akasema Madamu. "Ni uchunguzi tu. Karani ameandika kila kitu. Kichwa chako mwenyewe kimekaa wiki sita bila tone la maji, na hakikuwasha."

Shangazi aligusa kitambaa chake. Alikigusa kidogo tu, pale kisogoni, kisha akateremsha mkono. Akanigeukia. Nilitamani anitukane. Nimewahi kutukanwa naye kwa kuvunja birika, nayajua matusi yake, ningeyavumilia.

"Kwa hiyo umefaulu," akaniambia. "Hongera, mwanangu."

Haikuwa kejeli. Kejeli zake nazijua, huwa anaanza kwa kupandisha nyusi. Alikuwa na furaha ya kweli, imechanganyika na kitu kingine ambacho alikuwa anajitahidi nisikione. Alikwenda kwenye sinki, akasuuza kikombe chake cha kumwagia maji, akakipindua kikauke. Akakunja mataulo yote, hata yale yaliyokuwa yamekunjwa. Kisha akaaga mmoja mmoja, akatoka.

Redio alikuwa analia waziwazi. Mteja wangu akaniuliza taratibu kama nitaendelea. Nikaendelea. Madamu alinipa funguo nilipokuwa nafunga msuko wa mwisho, nami nikazivaa shingoni kama anavyozivaa yeye. Ni nzito kuliko nilivyodhani na zinapiga kifuani ukitembea.

Jumanne, 4 Septemba

Fundi bomba aliling'oa jana, leo viti vimefika. Sinki liko uani, limefunikwa nailoni.

Jumamosi, 8 Septemba

Mwalimu mstaafu, yule mzee anayenyoa kila wiki mbili na bado anataka kuoshwa, amekuja mara ya tatu kumuulizia "yule mama wa kukuna". Nilimwambia amepumzika. Akauliza anaumwa? Nikasema hapana. Akaniangalia, akavaa kofia yake.

Alhamisi, 13 Septemba

Mteja amerudisha kichwa. Yaani amekuja kulalamika, mba zimejaa mabegani, anasema tumempaka chokaa. Sijaenda kwa Shangazi hata mara moja. Kwake ni mwendo wa dakika kumi.

Jumapili, 16 Septemba

Nilikwenda saa tano asubuhi. Nilinunua sabuni na sukari ili mikono yangu iwe na la kufanya. Hakuwa ananitarajia. Alikuwa amekaa uani juani, mgongo kwangu, kichwa wazi.

Kisogoni palikuwa na vidonda. Vingine vilikuwa vimeanza kukauka, vingine bado vibichi, na sehemu mbili za ukubwa wa kifuniko cha soda hazikuwa na nywele hata moja. Nimefanya kazi ya vichwa miaka tisa na sijaona kichwa cha hivyo. Pembeni yake palikuwa na kijikopo cha dawa ya kupaka kutoka zahanati.

Alinisikia, akavuta kitambaa. Nikamwambia nimeshaona.

"Tangu lini, Shangazi?"

"Tangu lile la kijani," akasema.

Nikamwambia alikuwa anasema haiwashi. Kila wiki nilimuuliza, kila wiki haiwashi. Sauti yangu ilipanda kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa, nikaisikia ikipanda nikashindwa kuiteremsha. Yeye alizungumza polepole, kama anavyozungumza na mteja aliyeingiwa na povu machoni.

"Ulikuwa umeshika kalamu kama ulivyokuwa ukiishika siku za mtihani," akasema. "Ulimi nje kidogo. Nikasema, mtoto wangu anajaribiwa, mimi nitakuwaje wa kumwandikisha vibaya? Nilidhani ukifaulu watakupandisha cheo. Na kweli wamekupandisha."

Alikuwa anaziangalia funguo. Nilikuwa nimekuja nazo shingoni, siku ya Jumapili, saluni imefungwa.

Usiku na mchana wa wiki mbili nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Hayakuja hata moja. Nilimwambia nilijua. Nilijua sinki litang'olewa na nilijua kwamba kazi itakayokwisha ni yake, na nikaendelea kuandika.

"Ulijua lini?"

"Tarehe kumi na nne Julai."

Alihesabu kwa vidole, bila haraka.

"Unga ulipomwagika, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Jirani alikuwa anaburuta ndoo, na jua lilikuwa limefika kwenye miguu yetu.

"Nilicheka sana siku ile," akasema.

Kisha akafunga kitambaa vizuri, akainuka, akachukua sabuni na sukari akaziweka ndani kwa adabu, kama mtu anayepokea vitu vya mgeni. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Nenda nyumbani, Karani," akasema. "Jua linakuwa kali."

Maisha yangu yote hajawahi kuniita hivyo. Hilo ni jina la wateja.

Jumanne, 18 Septemba

Chini ya taarifa yangu, kule mbele, nimeandika hivi:

*Taarifa hii si ya kweli. Iliwasha tangu siku ya kwanza na imetia vidonda. Kichwa cha mvi hakionyeshi weupe. Mteja wa povu aliwashwa siku ya tatu. Cha kununua ni povu peke yake, kwa wenye misuko, kwa siku mbili, kisha maji. Mwandishi hakufungua kitambaa kuangalia.*

Nilitaka kuchana kurasa hizi za nyuma kabla ya kumpa. Lakini daftari limeshonwa katikati, ukichana ya nyuma, ya mbele inalegea, na Madamu si mjinga, angeuliza kulikuwa na nini. Nikimpa, atasoma na haya. Atasoma stoo, na mlango uliofungwa, na ile sawa yangu. Mwandiko si mzuri tena. Mteja ametoka kwenye draya. Nampa sasa hivi.

Jumamosi, 22 Septemba

Madamu amenirudishia. Alikaa nalo siku nne bila kunisemesha ila mambo ya kazi. Kurasa za mbele amezikata kwa wembe akabaki nazo. Hizi za nyuma zimelegea kama nilivyojua, nazibana kwa kibanio cha nywele.

Alisema, "Na mimi umeniandika humu."

Nikasema, "Ndiyo, Madamu."

Akasema hakupenda alivyojisoma. Kisha akanyoosha mkono, nami nikavua funguo nikampa. Amekwenda mwenyewe nyumbani kwa Shangazi jana, amekiona kichwa kwa macho yake, ameomba radhi na kumtaka arudi. Shangazi amemjibu kwamba atafikiria kikipona. Sinki linarudi Jumatatu. Mpaka Shangazi atakapoamua, wa kuosha ni mimi.

Redio ameyajua yote, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hajatangaza kitu.

Jumanne, 25 Septemba

Vichwa kumi na moja. Nimewatia wawili maji masikioni. Nauliza panawasha wapi, nakuna, wananiambia sogea kidogo, nasogea, wananiambia hapana, rudi.

Ijumaa, 28 Septemba

Mwalimu mstaafu amelaza shingo, nimemwosha, ameinuka. Alisema asante. Akavaa kofia yake.

Jumatano, 3 Oktoba

Mawingu. Mgongo unauma mahali ambapo sikujua kwamba ni mgongo. Miaka kumi na moja aliinama hivi, na mimi nilikuwa na hakika kwamba hachoki.

Jumamosi, 6 Oktoba

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Pipa limejaa likamwagika, na wateja hawakuja kwa sababu ya matope. Tulikuwa wawili, mimi na Redio, tukisikiliza bati.

Kama saa nne hivi Shangazi akaingia, mwavuli unamchuruzika. Hakuja na nguo za kazi. Redio alimkumbatia, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana rasta za kupanga stoo, akaenda akafunga mlango. Shangazi alitazama viti vipya. Alitazama kikombe chake, ambacho nimekiacha mahali pake pale pale. Kisha akavua kitambaa, akakaa kwenye kiti cha sinki, akalaza shingo nyuma kama mteja.

Nilipima maji kwa kifundo cha mkono kama alivyonifundisha nikiwa mdogo. Nilimmwagia kidogo kidogo. Sehemu zile mbili zimeanza kuota, nywele fupi kama za mtoto. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, na uso ulikuwa umegeukia dari, kwa hiyo nilikuwa namwona kichwa chini na sikuweza kujua anafikiri nini. Niliweka shampuu, ya maji. Nilikuna kwa nyama ya vidole bila kucha. Nikamuuliza.

"Panawasha wapi, Shangazi?"

"Hapawashi," akasema.

Niliminya maji nikafuta mikono. Nikachukua chanuo, nikawasha taa ya kioo, nikazigawa nywele zake mstari kwa mstari, kuanzia utosini kushuka. Ilinichukua muda mrefu na hakuniuliza nafanya nini. Nyuma ya sikio la kushoto, ndani kabisa, nilikuta wekundu wa ukubwa wa punje ya mtama. Nikaweka kidole juu yake.

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Hapo," akasema. "Kidogo."

Hakusema mwanangu. Nilingoja kidogo, kisha nikakuna hapo.